Kadhi Hawezi Kukuita kwa Nguvu: Yanayokosewa Kuhusu Dini katika Katiba ya Kenya

Majuzi mama mmoja Mkristo, mjane wa mume Mwislamu, alikuja ofisini akiwa amekata tamaa. Mashemeji walikuwa wamemwambia kwamba kesi ya mirathi ni ya Kadhi, apende asipende, na yeye alikuwa karibu kukubali. Dhana hii nimeisikia mara nyingi mno, na inawapotezea watu haki zao.

Kifungu cha 170 kimempa Kadhi mambo manne tu: hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na urithi. Hata katika hayo, wahusika wote lazima wawe Waislamu, na wote wakubali kesi isikizwe naye. Sharti moja likikosekana, Kadhi hana mamlaka. Shamba la jirani, deni, wizi, hayamhusu kabisa.

Wapo wanaosema mahakama za Kadhi ni dini ya taifa iliyoingizwa kwa mlango wa nyuma mwaka wa 2010. Si kweli. Mwaka wa 1895 Sultani wa Zanzibar alipoukabidhi Mwambao, yaani ukanda wa pwani ya Kenya, kwa utawala wa Waingereza, mahakama hizi zilibaki. Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, waliandikiana barua za kuzihakikishia usalama wake, na Katiba ya uhuru ikazibeba. Mwaka wa 2010 makanisa mengi yalizipinga vikali, lakini Wakenya waliipitisha Katiba katika kura ya maamuzi ya Agosti 4. Leo ni mahakama za chini, kama za mahakimu, na rufaa zake huenda Mahakama Kuu.

Wateja wangu Waislamu nao wana kosa lao: hudhani wakikimbilia Mahakama Kuu watakwepa sheria ya Kiislamu ya mirathi. Mahakama ni nyingine, lakini mali ya marehemu Mwislamu hugawanywa kwa sheria ileile. Na kama humtaki Kadhi, tafadhali sema siku ya kwanza, kwa maandishi. Ukishatoa ushahidi na kuleta mashahidi, kisha uje kwangu baada ya hukumu useme hukukubali, umenifunga mikono. Hili nalirudia kwa kila anayeketi mbele yangu.

Kuna dhana nyingine tatu ninazozisikia. “Kifungu cha 8 kimepiga marufuku maombi katika hafla za serikali.” Hapana. Kinasema tu kwamba hakuna dini ya taifa, na Dibaji yenyewe inamtaja Mwenyezi Mungu. Kilichokatazwa, katika Kifungu cha 32, ni kumlazimisha mtu kutenda kinyume cha imani yake.

“Uhuru wa dini hauna mipaka.” Haki zisizoweza kupunguzwa zimeorodheshwa katika Kifungu cha 25, na uhuru wa dini haumo. Baada ya Shakahola, msitu wa Kilifi ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa, sielewi vipi mtu bado analisema hili.

“Rastafari si dini, ni mtindo wa nywele.” Septemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba shule moja ya sekondari Nairobi ilikosea kumfukuza msichana kwa sababu ya rasta zake, kwa kuwa zilikuwa sehemu ya imani yake.