Kwa nini anayesomea akili mnemba afundishwe kukaa na wauguzi?

Zipo shahada za uzamili za akili mnemba ambazo hazimwachi mwanafunzi ajifungie na kompyuta yake. Hisabati na uandishi wa programu vipo palepale, lakini pia anafundishwa kuhoji watu, kuwatazama wakiwa kazini na kuandika anachokiona. Fani yenyewe huitwa akili mnemba inayomzingatia binadamu. Mtaalamu wa kompyuta yote hayo ya nini?

Tazama yaliyotokea Thailand. Google walikuwa na mfumo unaosoma picha ya sehemu ya nyuma ya jicho na kutambua madhara ya kisukari. Kwenye majaribio ya awali ulikaribia kabisa uwezo wa madaktari bingwa. Ulipopelekwa kwenye zahanati, watafiti nao walienda kuwatazama wauguzi wakiutumia, na mwaka 2020 wakachapisha waliyoyaona. Baadhi ya vyumba havikuwa na giza la kutosha, hivyo picha hazikutoka vizuri. Mfumo ukawa unazikataa: katika picha 1,838 za miezi sita ya mwanzo, asilimia 21 zilirudishwa. Ambaye picha yake imekataliwa aliambiwa aende kwa daktari wa macho siku nyingine, hata kama muuguzi mwenyewe aliona jicho halina shida. Intaneti nayo ikizorota, foleni inasimama.

Ajabu ni kwamba programu haikuwa na kosa. Iliundwa makusudi ikatae picha isiyoeleweka, isije ikakisia ugonjwa. Tatizo la vyumba na foleni huwezi kulibaini kwa kusoma msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe. Mpaka uende ukakae kwenye kile chumba.

Kazi nyingine inayotajwa sana darasani ilichipuka kwenye tasnifu ya uzamili. Mtafiti Joy Buolamwini, akiwa mwanafunzi wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, alipima programu zinazotambua jinsia ya mtu kwa sura. Katika utafiti aliouchapisha na mtafiti mwenzake Timnit Gebru mwaka 2018, makosa kwa wanaume weupe hayakuzidi asilimia 0.8, ilhali kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Wastani wa jumla ulikuwa umeificha tofauti hiyo, na ndiyo maana mwanafunzi wa fani hii huzoezwa kuuliza kwanza: wastani wa nani?

Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani kilianzisha taasisi ya fani hii mwaka 2019, na Ulaya vyuo kadhaa vimeungana kuandaa shahada ya pamoja. Wanaojiunga si wa kompyuta peke yao. Wapo waliotoka saikolojia, sheria, hata usanifu.

Tahadhari kidogo. Jina hili linauzika, na kozi nyingine ni ileile ya zamani iliyoongezewa somo moja la maadili. Kabla ya kulipa ada, soma masharti ya tasnifu: je, mradi lazima ujaribiwe na watu watakaoutumia, au inatosha kuonyesha kwamba programu inafanya kazi?