Kutabiri si kutamani

Rafiki yangu mmoja, mpenzi wa muziki wa roki tangu tukiwa shule, aliniambia wiki iliyopita kuhusu bendi anayoipenda: "Natabiri albamu yao ijayo watarudi kwenye magitaa mazito." Nikamuuliza ameona nini. Akasema hajaona kitu, ila anahisi wakati wao wa kurudi umefika. Bendi yenyewe haijasema neno. Haijapiga wimbo mpya jukwaani, wala haijulikani kama imeingia studio. Nimelisikia neno hilo likitumika namna hiyo mara nyingi mno, na kwa kuwa nalipenda, naomba nilitetee.

Kutabiri ni kueleza jambo litakalotokea kwa kusoma dalili zilizopo. Maana yake ni hiyo. Shida iko kwenye lile fungu la pili, la kusoma dalili, kwa sababu ndilo linalosahaulika kila bendi inapokaa kimya miaka miwili mitatu na mashabiki wakaanza kubishana kuhusu mwelekeo wake.

Neno lenyewe limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kuvuka: kutoka ng'ambo hii ya mto kwenda ng'ambo ile. Mzizi huo umetuachia ukoo mzima wa maneno. Kuabiri ni kusafiri kwa chombo, na anayebebwa na chombo ni abiria. Ibara, ile tunayoisoma kwenye katiba na mikataba, imo humo humo. Kutabiri nako kulihusu hasa kufasiri ndoto, na hata leo mtu akisema "nitabirie ndoto yangu" anaeleweka. Mwotaji ameona picha. Mfasiri anaichukua picha ile na kuivusha mpaka kwenye maana yake. Katika Sura Yusuf, mfalme anapowataka wakuu wake wamweleze ndoto ya ng'ombe saba wanono wanaoliwa na saba waliokonda, kitenzi kinachotumika kwa kazi hiyo ni cha mzizi huu huu.

Tazama basi jinsi kisa kile kinavyokwenda. Ndoto ilitangulia. Ng'ombe walionekana, yakaonekana na masuke saba mabichi na mengine makavu, ndipo Yusuf akazungumzia miaka saba ya neema na saba ya ukame. Hakuamka asubuhi akahisi tu kwamba njaa inakuja. Alikuwa na kitu cha kuvusha. Nikimwuliza rafiki yangu "umeona nini?" ndicho ninachokitafuta: wapi ng'ombe wako?

Kubashiri ni jirani wa karibu, na wengi hulitumia neno hilo na kutabiri kwa kubadilishana. Sina ugomvi nao, ingawa asili ya kubashiri ni kuleta habari njema. Kukisia ni kitu kingine. Neno hilo ni ndugu wa "kiasi", na ndani yake mna kupima: unaangalia ulichonacho, unapata makadirio, unakiri kwamba huenda yakapungua au kuzidi. Shabiki anayesema "nakisia watachelewa, maana kati ya albamu mbili zilizopita walikaa miaka minne" amepima. Nampa heshima yake. Chini kabisa kuna kubahatisha, ambako hakuna kipimo wala dalili, na siku likitokea ulilolisema, umebahatika tu.

Kutamani hakumo katika safu hii hata kidogo. Kutamani kunaeleza hali ya moyo wako, si hali ya bendi. Na hapa pana jambo ambalo nimelichunguza kwa muda mrefu. Shabiki wa magitaa mazito sijawahi kumsikia akisema, "Natabiri albamu nzima ya piano na sauti ya chini." Aliyeipenda albamu ya pili anatabiri kurudi kwa albamu ya pili. Mpenzi wa nyimbo ndefu za dakika kumi anatabiri nyimbo ndefu. Utabiri ukielekea kila mara upande ambao mtabiri anaupenda, basi si dalili zilizosomwa hapo, ni moyo wake mwenyewe.

Historia ya roki ina mifano ya utabiri wa kweli, na mmoja wao una ndoto ndani yake. Mwishoni mwa 1989, bendi ya U2 wakiwa jukwaani kwao Dublin, mwimbaji wao Bono aliwaambia watazamaji kwamba bendi inahitaji kwenda kando kwa muda na kuyaota upya mambo yote. Maneno yale yalikuwa dalili, tena nzito, kutoka kinywani mwa mwimbaji mwenyewe. Wengi waliyasoma kuwa ni kwaheri na wakasema bendi inavunjika. Haikuvunjika. Mwaka uliofuata walikwenda Berlin, kwenye studio za Hansa, na Novemba 1991 wakatoa albamu ya Achtung Baby, yenye magitaa yaliyokwaruzwa na midundo iliyokaribia muziki wa kudansi, mbali sana na sauti iliyowapa jina. Waliosema bendi inakufa walikosea, lakini nitawatetea popote kwamba walitabiri. Walikuwa na kitu mkononi wakakivusha, wakashukia gati siyo. Utabiri uliokosea ni utabiri bado, na hili ndilo watu wengi hawalikubali: wanadhani kinachopambanua utabiri na porojo ni kupatia.

Bendi ya Radiohead ni mfano wa upande wa pili. Albamu yao OK Computer ya 1997 iliwafanya watu wengi waione kama bendi kubwa ya magitaa ya zama zake, na waliotaka nyingine kama hiyo walikuwa wengi. Kid A ilipotoka Oktoba 2000, magitaa yalikuwa yamesogezwa nyuma sana, sauti ya mwimbaji Thom Yorke imepitishwa kwenye mitambo, na sinthesaiza, vile vinanda vya umeme, ndizo zilizoshika usukani. Ilionekana kama imeanguka kutoka mbinguni. Haikuanguka. Mpiga gitaa Ed O'Brien alikuwa akiandika shajara ya kazi ya studio kwenye tovuti ya bendi tangu 1999, na yeyote aliweza kuisoma. Miezi michache kabla ya albamu kutoka, bendi ilizipiga nyimbo mpya kwenye ziara, watu wakazirekodi na rekodi zile zikazagaa mtandaoni. Aliyekaa chini akazisikiliza rekodi zile zenye kelele za umati, akaona gitaa linakosekana mahali lilipozoeleka, akasema "hawa wanahama", huyo alitabiri. Aliyesema vivyo hivyo mwaka 1998 bila kusikia noti moja alibahatisha, japo maneno yao yanafanana herufi kwa herufi.

Kuna nyakati dalili ipo lakini imefichwa. Baada ya albamu ya AM ya 2013, yenye gitaa zito na dramu za kutembea taratibu, Alex Turner, mwimbaji wa bendi ya Arctic Monkeys, alipewa piano kama zawadi alipotimiza miaka 30. Akaiweka nyumbani kwake Los Angeles, na humo chumbani ndimo zilimozaliwa nyimbo za albamu iliyofuata, Tranquility Base Hotel & Casino, iliyotoka 2018. Ukiisikiliza unausikia mkono wa mtu aliyetunga akiwa ameketi mbele ya vibonye, si akiwa amesimama na gitaa begani: nyimbo zinatambaa, kiitikio hakina haraka ya kufika. Piano ile ilikuwa ng'ombe mnono kabisa, lakini ilikuwa chumbani mwa mtu. Shabiki aliyekuwa nje hakuwa na cha kufasiri, na hakukuwa na aibu yoyote kusema "sijui" miaka ile mitano.

Neno "mwelekeo" nalo nalionea huruma, ila kwa ufupi. Mwelekeo ni njia, na njia haionekani kwa nukta moja. Wimbo mmoja wenye kinanda katikati ya albamu ya magitaa haujawa mwelekeo. Linganisha albamu mbili tatu, tazama kilichoongezeka na kilichopungua, tazama nani anatayarisha muziki sasa na nani alikuwa akiutayarisha zamani, hapo utaanza kuuona. Studio mpya, mpiga dramu mpya, mtayarishaji aliyezoea sauti nyingine: hizi ni dalili za kufaa. Picha ya mpiga besi akinywa kahawa karibu na sinthesaiza ni picha ya mpiga besi akinywa kahawa.

Rafiki yangu nilimwambia sentensi yake ni nzuri, abadilishe kitenzi tu: "Natamani albamu yao ijayo warudi kwenye magitaa mazito." Ikiwa hivyo simwulizi ushahidi, na huenda nikamwunga mkono, maana hata mimi nayatamani magitaa yale. Akiwa amehesabu miaka na albamu, aseme "nakisia". Na "natabiri" aiweke hadi bendi ipande jukwaani na wimbo ambao hatujawahi kuusikia, tuurudie mara tatu nne, kisha aniambie ameona nini.