"Aendaye kwa ukamilifu" si asiye na doa

Kwenye sala ya alfajiri hapa Kisumu tumesoma tena Zaburi ya 15, na kwa mara ya tatu mwaka huu nimeisikia ikifafanuliwa vibaya. Daudi anauliza ni nani atakayekaa katika hema ya Bwana, na jibu la kwanza ni "yeye aendaye kwa ukamilifu". Msomaji akatuambia kwamba ukamilifu ni kutokuwa na doa hata moja, kwa hiyo mwenye doa asisogee. Mama aliyeketi karibu nami, muuza omena sokoni Kibuye, aliifunga Biblia yake kabla sala haijaisha. Iliniuma.

Ukamilifu ni hali ya kitu kuwa kizima, bila kupunguka. Basi.

Neno la Kiebrania hapo ni tamim. Yoshua 10:13 inaposema jua lilikawia kutua kama siku nzima, hiyo "nzima" ni tamim. Katika Mambo ya Walawi 25, aliyeuza nyumba ndani ya mji wenye ukuta anapewa mwaka mzima wa kuikomboa, na mwaka huo nao ni tamim. Mwaka unaweza kuwa na kiangazi na misiba, ila ukitimiza siku zake ni mwaka mzima. Wala neno hili si geni kwetu. Kiarabu, ndugu wa Kiebrania, kina mzizi huohuo, na huko ndiko tulikopata "timia" na "timamu". Ukisema fulani ana akili timamu, husemi kwamba hajawahi kukosea. "Kamili" ni vivyo hivyo: saa moja kamili, deni limelipwa kamili.

Kosa najua linakotoka. Neno lilelile hutumika kwa mnyama wa sadaka, ambaye hakutakiwa kuwa na kilema. Lakini Nuhu naye anaitwa mkamilifu katika Mwanzo 6, na sura ya 9 inamkuta amelewa, tena hemani mwake.

Mama huyo wa omena ana gorogoro, mkebe wa kupimia. Ukingo umeshika kutu, rangi imebanduka yote. Ila kitako chake hakijagongwa kikaingia ndani, kama wafanyavyo wengine ili mnunuzi aondoke na pungufu. Gorogoro hiyo ni kamili. Na Zaburi yenyewe inaendelea kwa mwendo huohuo: asemaye kweli kwa moyo wake, asiyemsengenya jirani, aliyeapa kwa hasara yake asibadili maneno, asiyekula riba wala kupokea rushwa.

Kwa hiyo, ndugu yetu msomaji, kesho ukifika mstari wa 2 usituambie "asiye na doa". Tuambie "asiyepunguza", tutakuelewa. Kisha umwombe mama huyo atusomee mstari wa 4, ule wa aliyeapa kwa hasara yake.