Poti za ndani za kompyuta: ni nini, na zilizo wazi zifanye kazi gani

Poti za ndani ni sehemu za kuchomekea nyaya na kadi zilizo juu ya ubao mama, ambazo huzioni mpaka ulegeze skrubu na kutoa ubavu wa kasha. Huwa nyingi kuliko vifaa vilivyofungwa, kwa kuwa kiwanda hutengeneza ubao mmoja kwa wateja wa kila namna. Ndiyo maana ukifungua mashine iliyotumika ofisini ng'ambo, kama zile zinazouzwa katikati ya Kampala, mara nyingi unakuta poti moja au mbili za SATA, yaani za kuchomekea diski, hazina kitu na sloti ya PCIe, ile ya kuchomekea kadi za ziada, iko tupu.

Yenye faida kubwa ni SATA. Ndani ya mdomo wake mna umbo la herufi L, hivyo plagi haiingii kinyume, na kila poti hubeba diski moja. Wengi hawajui kwamba diski ya SATA ya inchi 2.5, ile ya laptopu, hutumia plagi sawasawa na diski kubwa ya mezani ya inchi 3.5. Laptopu yako imepasuka kioo au imeungua bodi? Diski yake huenda ni nzima, na gharama yako ni waya tu. Duka la kuchapa na kutoa nakala mjini Jinja linaweza kuweka Windows kwenye SSD (diski ya kasi isiyo na sahani inayozunguka), kisha kazi za wateja zikawa zinanakiliwa kila jioni kwenye hiyo diski ya laptopu. Mwizi akibeba kasha amebeba zote mbili, kwa hiyo nakala nyingine ikae nyumbani.

Kinachokwamisha watu si poti, ni umeme. Waya wa data una pini 7, wa umeme 15, na mashine za ofisini hutoka na plagi chache za umeme. Fundi atakuuzia waya wa kugawanya. Jihadhari na zile adapta za Molex (plagi ya umeme ya zamani yenye pini 4) kwenda SATA ambazo plastiki yake imemiminwa juu ya nyaya. Zina sifa mbaya ya kuungua. Mimi ningeng'oa DVD kwanza, maana siku hizi nani anachomeka CD? Inakuachia poti na umeme wake, ila kwenye kasha dogo DVD huwa nyembamba na plagi yake ya umeme ni fupi, inataka adapta.

Sloti fupi ya PCIe, yaani x1, hupuuzwa bure. Hata toleo la kwanza hupitisha megabaiti 250 kwa sekunde kila upande, wakati kadi ya mtandao ya gigabiti inahitaji kama 125. Maabara ya shule ikiongeza kadi ya pili, kompyuta moja ya zamani inapokea intaneti upande mmoja na kuigawa kwa wanafunzi upande wa pili, huku mwalimu akiamua tovuti zipi zipite.

Pini 9 za USB zilizo ukingoni mwa ubao hutoa poti mbili za ziada. Zinafaa kwa flashi unayotaka ikae ndani isichomolewe na mtu. Usifiche humo kifaa cha Wi-Fi: bati la kasha litaminya mawimbi. Za feni hazina makuu. Feni ya pini 3 huingia kwenye pini 4.

M.2, sloti ya kulazia SSD nyembamba kama kadi, ndiyo yenye hila. Kwenye bodi nyingi ukiitumia, SATA moja au mbili zinazimika, na bodi nyingine hazikubali NVMe, yaani SSD za kasi zaidi, kabisa. Soma mwongozo wa bodi kabla ya kutoa pesa.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe. Diski isipoonekana, angalia BIOS (mipangilio ya ubao inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) kama poti imezimwa. Na Windows ikikuomba uiandae upya (Initialize) diski yenye faili zako, kataa.