Usumba ni nini?

Usumba ni nyuzi zinazotoka kwenye makumbi, yale maganda ya nje yanayobaki nazi ikishafuliwa. Pwani ya Afrika Mashariki nyuzi hizi zilisokotwa kamba za kuwambia vitanda, kufungia makuti na kushonea mitepe, vyombo vya Lamu ambavyo mbao zake zilishikwa kwa kamba bila msumari.

Kumbi likiwa bado halijaozeshwa halikupi uzi wa maana, kwa kuwa nyuzi zimeshikana na unga wa kahawia. Ndiyo maana hufukiwa ufukweni, mahali panapofunikwa na maji yakijaa, na kukandamizwa kwa mawe yasichukuliwe na bahari. Hukaa humo miezi kadhaa. Vijidudu hula kile kinachogandisha nyuzi, nao uzi wenyewe, kwa ugumu wake, hubaki. Siku ya kufukua patanuka yai viza. Hiyo si dalili ya kuharibika.

Kinachoharibu ni haraka. Makumbi yaliyofukuliwa mapema hubaki na unga, ukiyaponda unakatakata nyuzi badala ya kuzitenganisha, na unaishia na vipande visivyosokoteka. Shimo lisilofikiwa na maji mapya nalo hutoa usumba mweusi.

Yakishafukuliwa hupondwa kwa kigongo juu ya gogo au jiwe mpaka unga utoke, nyuzi zikaoshwa na kuanikwa. Nyuzi ni fupi, nyingi hazifiki sentimita 30, hivyo fungu jipya la nyuzi huchomekwa kabla la mwanzo halijaisha. Kuchomeka kukichelewa, hapo ndipo kamba itakapokatikia. Nyuzi husokotwa kuwa ncha mbili, yaani kamba nyembamba mbili, zote kwa upande mmoja, kisha ncha hizo hupotwa pamoja kwa upande wa pili ili zibanane. Ukipota kwa upande uleule, kamba hujifungua yenyewe ukiiachia.

Kwa kuvuta mzigo mzito nchi kavu, katani ina nguvu zaidi. Ila kamba ya usumba huelea, hunyumbuka chombo kikivutwa na wimbi, na huvumilia maji ya chumvi muda mrefu kuliko katani.