Yule wa Nyali si Nemo

Wanaopanda boti zenye sakafu ya kioo kwenda kwenye matumbawe ya Nyali na Bamburi, Mombasa, huambiwa kuwa kila samaki mdogo anayejificha ndani ya anemoni, mnyama wa baharini afananaye na ua, ni Nemo, yule wa katuni ya 2003, Finding Nemo. Siye. Nemo ana mikanda mitatu myeupe, na jamii yake huishi kuanzia mashariki mwa Bahari ya Hindi hadi Pasifiki, mbali na kwetu.

Huyu wa kwetu, mtazame mgongoni kwanza. Mstari mmoja mwembamba mweupe kutoka kichwani hadi mkiani, mwili wa chungwa uliopauka: huyo, kwa jina la kisayansi, ni Amphiprion akallopisos. Mwenye mikanda miwili mipana, mwili wa kahawia iliyokoza na mkia mweupe ni Amphiprion allardi, mwenyeji halisi wa pwani hii. Kwangu, huyu ndiye anayestahili kutajwa kwa jina lake mbele ya wageni.