Mtoto bado yuko wodini: mama alale wapi?

Mtoto analazwa wodi ya watoto wachanga kwa nini?
Wengi ni njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wiki 37. Wengine wana shida ya kupumua au maambukizi. Atakaa siku chache au wiki kadhaa.

Mimi nimeruhusiwa, yeye bado. Niende nyumbani?
Hapana. Kabla hujafunga mzigo, mwulize muuguzi wa zamu kama kuna wodi ya kangaruu, ambako mama hulala akimbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, au chumba cha akina mama wanaonyonyesha. Kama kimejaa, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, mweleze unatoka wapi na uwezo wako ukoje. Ikishindikana hapo pia, tafuta ndugu au chumba cha kupanga umbali wa kutembea kwa miguu. Nauli ya kwenda na kurudi kila siku inaweza kusaidia kulipia chumba hicho.

Njoo na khanga safi tatu, ndala, beseni, sabuni, chupa ya chai na kikombe chenye mfuniko.

Mama mkwe anataka nirudi nikandwe maji ya moto, nitimize arobaini.
Mjibu kwa heshima, na ubaki. Uji wa pilipili manga na mtori vinabebeka hadi wodini. Wewe hubebeki kwa mtoto kila baada ya saa tatu. Kukandwa kwa maji ya moto juu ya mshono wa upasuaji kunaunguza. Tunachokiona tena na tena ni mzazi aliyechukuliwa "akapumzike", anarudi siku ya nne maziwa yamekauka.

Si naweza kuleta maziwa mara moja kwa siku?
Hapana, hapana. Titi lisipokamuliwa linaacha kutengeneza. Kamua mara 8 hadi 10 kwa saa 24, na usiku umo. Nawa mikono kwa sabuni, weka kidole gumba juu na cha shahada chini, nyuma ya sehemu nyeusi, sukuma kuelekea kifuani, kisha minya. Usivute chuchu. Zungusha vidole titi lote, kisha hamia la pili. Siku za mwanzo yatatoka matone tu. Yalete hayo hayo, ndiyo ya thamani kuliko yote. Andika jina, tarehe na saa. Kanuni kwamba maziwa yaliyokamuliwa yanaweza kukaa nje ya friji kwa muda wa saa nne ni ya chumba kisichozidi nyuzi 25, si ya daladala la Dar es Salaam mchana wa Januari.

Bibi akae badala yangu?
Akupokee ulale, ndiyo. Hata baba anaweza kumbeba kangaruu: mtoto na nepi, kofia na soksi tu, wima kifuani, ngozi kwa ngozi, amefungwa khanga. Lakini bibi hana maziwa yako. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto abebwe saa 8 hadi 24 kwa siku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ambao Tanzania ilikuwa moja ya nchi tano, ulionyesha vifo vya siku 28 za kwanza vikipungua kwa asilimia 25 kwa watoto wa chini ya kilo 1.8 walioanza kangaruu mara baada ya kuzaliwa, mama zao wakilala wodi moja nao. Saa moja ya kutembelea jioni haiwezi kufanya kazi hiyo.

Na kazini?
Marekebisho ya sheria za kazi Tanzania ya mwaka 2025 yanamwongezea mama wa njiti likizo hadi zitimie wiki 40 za ujauzito. Omba barua ya daktari mapema.

Nikikaa huko sitaugua mimi?
Hatari ya mzazi haiishi siku aliyoruhusiwa. Na kwa kuwa jina lako limetoka kwenye orodha ya wagonjwa, hakuna atakayekumbuka kukupima presha, omba upimwe. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, ukipata homa, usaha kwenye mshono, au damu ikiloweka pedi ndani ya saa moja, mwambie muuguzi wa mtoto papo hapo. Usisubiri asubuhi.